Kusajili alama ya biashara Tanzania: linda jina la bidhaa yako kabla mwingine hajalichukua

Unaweza kuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), leseni ya halmashauri, namba ya mlipakodi (TIN), alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) na msimbopau kwenye chupa, na bado jina la bidhaa yako likawa halina ulinzi. Hili ndilo kosa linalowaumiza wasindikaji wadogo kuliko mengine yote, wala halitokani na uzembe. Linatokana na neno "kusajili", ambalo kila ofisi hulitumia kwa maana yake. Jina la biashara linaiambia Serikali ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. TBS inathibitisha kwamba kilichomo kimekidhi kiwango. Msimbopau unaisaidia mashine ya dukani kutambua bidhaa. Haki ya kumzuia mtu asibandike jina lako kwenye pilipili yake inatoka kwenye daftari jingine kabisa, la alama za biashara na huduma, lililowekwa na sheria ya mwaka 1986, Sura ya 326. Daftari hilo nalo liko BRELA, ndiyo maana watu huchanganya.

Asiyesajili hajaachwa mikono mitupu. Mahakama inaweza kumlinda, ila atabeba mzigo wa kuthibitisha mambo matatu: kwamba wateja walishalijua jina lake, kwamba mwenzake anawafanya waamini mali ile ni yake, na kwamba amepata hasara. Kwa mtu anayeuza katoni ishirini kwa mwezi bila vitabu vya hesabu, huo ni mlima. Mwenye cheti cha alama anaanza na cheti.

Jina linalokubalika

Msajili wa alama, aliye BRELA, hukataa maneno ambayo kila muuzaji wa bidhaa hiyo anayahitaji. "Asali Safi" kwa asali au "Unga Bora" kwa unga hayafai kumilikiwa na mtu mmoja, kwa sababu ni sifa za bidhaa yenyewe. Jina la mahali linalojulikana kwa bidhaa hiyo nalo lina matatizo: neno "Kyela" peke yake kwa mchele ni mali ya wakulima wote wa Kyela. Bendera, nembo za taifa na maneno yanayomdanganya mteja hayapiti.

Linalopita kwa urahisi ni neno lisilohusiana na bidhaa, au la kubuni. "Kinyonga" kwa pilipili ya chupa ni jina lenye nguvu. "Kali Sana" kwa pilipili hiyohiyo ni dhaifu, hata ukilipamba kwa rangi. Ukichanganya neno lako na jina la bidhaa, kwa mfano "Kinyonga Pilipili", tegemea kuambiwa uandike kanusho kwamba hudai haki ya pekee juu ya neno "pilipili". Usiliogope kanusho hilo, halikupunguzii chochote ulichokuwa nacho.

Kama fedha zinatosha ombi moja tu, sajili neno lenyewe kwa herufi za kawaida kabla ya nembo. Nembo hubadilika kila mchoraji anapobadilika, na ukisajili mchoro wa zamani huku chupa zikibeba mpya, cheti chako kitakuwa kinalinda kitu usichokitumia. Ukisajili nembo, ipeleke kwa rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa pale ambapo rangi yenyewe ndiyo inayokutambulisha.

Tafuta kwanza, na utafute kwa sikio

Kabla ya kuchapisha lebo hata moja, omba BRELA wakufanyie upekuzi wa daftari. Watu wengi hutafuta tahajia ileile waliyoichagua, wasipoikuta wakafurahi. Mkaguzi wa BRELA anayepitia maombi hatazami tahajia peke yake, husikiliza pia linavyotamkwa. Kwa hiyo jaribu l na r, dh na z, gh na g, th na s: "Dhahabu" na "Zahabu" ni jina moja masikioni mwa mteja. Jaribu pia tafsiri. Kama kuna "Star" kwenye unga, "Nyota" kwenye unga inaweza kupingwa kwa sababu zote mbili zinaleta picha ileile. Halafu toka nje ya daftari: zunguka sokoni na madukani, angalia mitandaoni. Aliyetangulia kulitumia jina bila kulisajili anaweza kukuwekea pingamizi.

Kundi la bidhaa

Alama husajiliwa kwa bidhaa fulani, haiwi kwa kila kitu. Dunia hutumia makundi 45 ya mfumo wa Nice, orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa na huduma: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Ulinzi wako unaishia pale kundi na orodha ya bidhaa ulizoandika zinapoishia, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha.

Chakula kimegawanyika kwa namna isiyotarajiwa. Unga, mchele, chai, kahawa, viungo, asali, mikate na pilipili ya chupa viko kundi la 30. Siagi ya karanga, karanga za kukaanga, mafuta ya kula, maziwa na achari viko 29. Karanga mbichi, mbegu na mazao yasiyosindikwa, 31. Juisi na maji ya kunywa, 32. Unga wa lishe wa watu wazima unaingia 30, lakini ukiuandika kuwa chakula cha watoto wachanga unahamia 5. Mwenye kiwanda kidogo cha karanga anayetaja kundi la 30 kwa mazoea, kwa kuwa jirani wa unga alifanya hivyo, anaondoka na cheti kisichogusa bidhaa yake hata moja. Nje ya chakula, sabuni na vipodozi ni 3, vitambaa 24, nguo zilizoshonwa 25, programu za simu 9, mgahawa 43.

Tanzania Bara kila kundi ni ombi lake na ada yake. Anza na kundi linalokuingizia kipato leo, kisha lile utakaloingia ndani ya miaka miwili. Kusajili makundi matano kwa ndoto ni hasara, kwa sababu alama isiyotumika kwa miaka mitatu mfululizo inaweza kuombewa kufutwa.

Ombi lenyewe

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa usajili wa BRELA mtandaoni, ORS. Fungua akaunti kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, jaza fomu ya alama, pakia picha ya alama iliyo safi, andika kundi na bidhaa moja moja kwa majina yake. Mfumo utakupa kontrol namba, utalipa kwa simu au benki, na ada utaisoma kwenye mfumo wenyewe. Usimpe mtu fedha taslimu kwa ahadi ya "kuharakisha". Asiye na makazi nchini, pamoja na ndugu zetu walio Muscat au London wanaouza bidhaa nyumbani, atahitaji wakala au wakili mwenye anwani ya nchini ya kupokelea nyaraka.

Tulia kwenye sehemu ya mmiliki. Alama ikiandikwa kwa jina la meneja, shemeji aliyekuwa na namba ya NIDA mkononi, au mshirika mmoja kati ya watatu, basi kisheria ni yake. Kama biashara ni kampuni, mmiliki awe kampuni. Kama ni kikundi cha akina mama, kisajilini kikundi kwanza kipate utu wa kisheria, ndipo muombe. Kuihamisha baadaye kunawezekana, lakini kunahitaji hati ya maandishi iliyosainiwa na kuingizwa kwenye daftari, na aliyeandikwa anaweza kukataa kusaini siku mnayogombana.

Siku 60

Mkaguzi akiridhika, ombi hutangazwa kwenye jarida la hataza (haki za uvumbuzi) na alama za biashara. Kuanzia hapo yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, unalipia usajili na kupata cheti.

Jarida hilohilo ndilo silaha yako ya bei nafuu kuliko zote dhidi ya wanaokuja nyuma. Lisome kila linapotoka, angalau kurasa za makundi yako. Kumpinga mtu ndani ya siku 60 ni jambo la maombi na ushahidi mbele ya Msajili, ilhali kumfuta akishapata cheti ni kazi ngumu zaidi. Pingamizi hufanya kazi hata mbali na nyumbani: miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kumiliki neno "Kikoy" kama alama nchini mwake, Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi halikufika mwisho.

Kabla ya cheti, usiweke alama ya ® kwenye lebo. Kujitangaza kuwa umesajiliwa wakati hujasajiliwa ni kosa. Herufi TM unaweza kuzitumia.

Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha kila uhuishaji ni miaka 10. Hesabu huanzia siku ya kupeleka ombi, si siku ya cheti. Ombi la Machi 2025 linaisha Machi 2032, hata kama cheti kilitoka mwaka 2026. Wanaodhani ni miaka 10 tangu mwanzo, kwa kuwa Kenya na Zanzibar ni 10, huamka wamechelewa.

Ukivuka bahari au mpaka

Cheti cha BRELA hakifiki Unguja wala Pemba. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, namba 4 ya mwaka 2008, na ofisi yake, BPRA. Mtu akilisajili jina lako kule, bidhaa yako inaweza kusimamishwa ikishuka bandarini Malindi, Unguja. Kama unauzia mahoteli ya Zanzibar, peleka maombi mawili kwa wakati mmoja. Kenya ofisi ni KIPI, Nairobi. Ipo pia njia ya ARIPO, shirika la mali bunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, kupitia Itifaki ya Banjul ya 1993, lakini kwa Tanzania Bara ni salama zaidi kuomba moja kwa moja BRELA, kwa sababu sheria ya 1986 haikuandikwa kwa kuizingatia itifaki hiyo.

Msambazaji wa nje huwa wa kwanza kusajili jina la bidhaa anayoisambaza, na huliandika kwa jina lake. Weka kwenye mkataba, kabla ya mzigo wa kwanza kuondoka, kwamba alama ni yako na kwamba hataisajili popote bila idhini yako ya maandishi.

Lebo na mapishi

Mchoro wa lebo, picha na maandishi yake vinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tangu vinapobuniwa, bila usajili, kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuviandikisha kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kwa Zanzibar, ni kujiwekea ushahidi wa nani na lini. Mwenye haki ya kwanza ni mtunzi, kwa hiyo mchoraji uliyemlipa asaini karatasi ya kukuhamishia haki, la sivyo anaweza kumuuzia jirani mchoro huohuo. Fahamu mpaka wake pia: hakimiliki inalinda kazi, hailindi mtindo. Ndiyo maana yeyote anaweza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, lakini hawezi kunakili picha ya mchoraji aliye hai.

Mapishi hayalindwi na alama wala hakimiliki. Ulinzi wake ni siri. Changanya viungo mwenyewe, vifunge kwenye mifuko yenye namba badala ya majina, wafanyakazi wapime mfuko namba 3 bila kujua kilichomo, na mkataba wa kazi uwe na kifungu cha kutunza siri.

Ukikuta bidhaa bandia

Usianze kwa kupiga kelele mtandaoni, maana ghala litahamishwa usiku huohuo. Tuma mtu asiyejulikana anunue vipande vitatu na adai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Andika tarehe, duka na bei, piga picha rafu na katoni, na umwulize muuzaji kwa upole mzigo unatoka wapi. Muuza duka mara nyingi hajui lolote. Unayemtafuta ni mwenye mashine ya kufunga. Kisha andaa jedwali fupi la tofauti kati ya yako na ya bandia: kizibo, gundi ya lebo, namba ya toleo, uzito. Bila jedwali hilo mkaguzi atakayekwenda dukani hawezi kutenganisha mali mbele ya mwenye duka.

Malalamiko yapeleke Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia sheria ya alama za bidhaa ya 1963 na yenye uwezo wa kukamata na kuteketeza. Ambatanisha cheti, sampuli na jedwali. Kama kilichomo kinaweza kudhuru walaji, wajulishe TBS. Kama ni dawa, wajulishe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukitaka zuio na fidia, kesi ya kuingilia alama hufunguliwa Mahakama Kuu, na hapo utahitaji wakili. Mara nyingi barua yake ya kumtaka mtu aache, yenye nakala ya cheti na siku 14 za kujibu, inatosha kwa mwigaji mdogo. Kwa mwenye kiwanda haitoshi, nayo humpa muda wa kuficha mali, kwa hiyo kwake FCC itangulie.

Kati ya vile vipande vitatu, kimoja kitabaki FCC na kimoja utakifungua ulinganishe. Cha tatu kiweke kwenye bahasha pamoja na risiti yake, uisaini juu ya gundi mbele ya shahidi, na kisifunguliwe mpaka jaji akiombe.