Somo: Kabla ya Kujadili Upya Mkataba na Kampuni Inayokuendeshea TEHAMA

Ofisi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mikocheni, zimekabidhi seva, barua pepe na programu za uhasibu kwa kampuni nyingine iwaendeshee, kisha mkataba ukafungiwa kabatini hadi siku ya ugomvi. Somo hili ni la anayetaka kurudi mezani kabla ya siku hiyo.

Hatua ya kwanza, ambayo nitaikalia zaidi kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu, ni kujua funguo ziko kwa nani. Niliwahi kuingia kwenye kikao cha bei nikiwa na hoja zote, nikagundua katikati ya mazungumzo kwamba jina la tovuti yetu, lile linaloishia na .co.tz, limesajiliwa kwa jina la mtoa huduma, na kwamba nywila ya msimamizi mkuu anayo fundi wao mmoja tu. Nilikubali bei yao siku hiyohiyo. Basi hakikisha usajili ni wako, nywila unazo, na nakala akiba umejaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, maana nimeona nakala zilizotunzwa miaka ambazo hazifunguki.

Hatua ya pili, kusanya kumbukumbu za hitilafu za miezi sita: iliripotiwa lini, ikajibiwa lini, ikaisha lini. Zilinganishe na ahadi. Upatikanaji wa asilimia 99.5 unasikika vizuri, lakini katika mwezi wa siku 30 unaruhusu mfumo kuzimika kwa saa 3.6, nazo zinaweza kuangukia siku ya mishahara.

Hatua ya tatu ni mezani. Dai fidia inayokatwa kwenye ankara kila ahadi inapovunjwa, pamoja na utaratibu wa makabidhiano mkiachana. Kama bei imeandikwa kwa dola ilhali nyote mko nchini, kanuni za Machi 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakupa sababu ya kuihamishia kwenye shilingi. Usisahau pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taarifa za wateja wako hubaki wajibu wako hata zikichakatwa na mwingine. Mkishakubaliana, iandikwe nyongeza ya mkataba na kusainiwa; ujumbe wa WhatsApp hautoshi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtoa huduma wetu husingizia mkongo wa baharini kila mfumo unapokatika. Tumjibu nini?*

Mei 2024 hitilafu za EASSy na Seacom, mikongo ya baharini inayotuletea intaneti, zilituathiri kweli, na hapo ana haki. Hata hivyo, seva iliyo ndani ya ofisi yenu haisimami kwa sababu ya mkongo. Mkataba uyatenganishe hayo mawili.

*Jina la tovuti yetu nalo liko kwao. Tungoje mkataba uishe?*

Hapana, ndugu yangu. Liombeni sasa, kwa barua ya kawaida, wakati mnalipa ankara kwa wakati. Mkiliomba baada ya notisi ya kuvunja mkataba, mtakuwa mnamwomba mtu aliyekwisha kununa.