Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Kuanza Hesabu za Asilimia

Wengi wanaosema asilimia zimewashinda, kilichowashinda si asilimia. Ni kitu kilichotangulia: kugawanya, desimali, au sehemu walizozipita harakaharaka wakiwa darasani. Mada hii haina jambo jipya sana ndani yake. Ni sehemu na kuzidisha, vikiwa vimevaa alama moja ngeni. Kwa hiyo kabla hujaanza kukariri kanuni yoyote, jikague kwanza.

Jipe maswali matatu bila kikokotoo: 7 × 8 ni ngapi, 450 ÷ 100 ni ngapi, na 3/4 ikiandikwa kwa desimali ni ngapi? Ukijibu 56, 4.5 na 0.75 bila kujikuna kichwa, endelea. La tatu likikukwamisha, rudi kwenye sehemu na desimali kwa siku mbili tatu. Si aibu, na muda huo utaurudisha baadaye mara nyingi.

Kugawanya kwa 100 kunastahili mazoezi ya peke yake, maana utagawanya hivyo kila dakika. Nukta ya desimali inasogea hatua mbili kwenda kushoto: 450 inakuwa 4.5, 36 inakuwa 0.36, na 7 inakuwa 0.07. Angalia hiyo ya mwisho. Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote kwa wanaoanza ni kuandika asilimia 7 kama 0.7. Hiyo ni asilimia 70, na jibu linatoka mara kumi ya linavyotakiwa.

Halafu kuna neno lenyewe. Katika sehemu, namba ya juu tunaiita kiasi na ya chini tunaiita asili. Sasa soma tena neno asilimia: asili ni mia. Lugha yetu imekupa maana yote ndani ya neno moja, na ukilishika hivyo huhitaji tafsiri nyingine. Asilimia 60 ni sehemu ambayo kiasi chake ni 60 na asili yake ni 100. Ukiwa na 3/5, zidisha juu na chini kwa 20 upate 60/100. Zipo asili ambazo hazikubali kugeuzwa mia kwa urahisi, kama 3 na 7. Hapo unagawanya tu na kuzidisha kwa 100: 1/3 ni asilimia 33.33 na tarakimu zinaendelea bila kikomo. Usishtuke, hujakosea.

Fikra hii ya kupima kwa mia ni ya zamani. Warumi wakati wa mtawala wao Augusto walitoza kodi ya 1/100 kwenye bidhaa zilizouzwa kwa mnada. Karne nyingi baadaye wafanyabiashara wa Italia waliandika “per cento”, yaani kwa kila mia, na alama % ilizaliwa taratibu kutokana na namna walivyoyafupisha maneno hayo kwa kalamu.

Kuna asilimia chache za kuwa nazo kichwani. Nusu ni 50, robo ni 25, moja ya tano ni 20, moja ya kumi ni 10, moja ya nane ni 12.5. Kwa hizo unajenga nyingine. Asilimia 35 ya 240? Asilimia 10 ni 24, kwa hiyo 30 ni 72, na 5 ni nusu ya 24, yaani 12. Jumla 84. Ujanja mwingine ambao haufundishwi vya kutosha ni huu: asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16. Kuzidisha hakujali nani katangulia. Robo ya 16 ni 4, umemaliza.

Sasa jambo zito kuliko yote, na ningekuwa na nafasi ya kukwambia moja tu ningekwambia hili. Kabla ya kuandika chochote, jiulize: asilimia ya nini? Asilimia haisimami peke yake. Asilimia 20 bila kutaja ni ya kitu gani ni sawa na kusema “nusu” kisha ukanyamaza. Kitu kile kinachohesabiwa kuwa 100 ndicho msingi wa swali, na karibu kila kosa katika mada hii ni kosa la kuchagua msingi. Kanuni watu huwa wanaikumbuka, ila wanaweka namba isiyo yake mahali pa chini.

Ukiujua msingi, maswali ya kawaida yanabaki ya aina tatu. Unaweza kupewa nzima na asilimia, utafute sehemu, kama ile 35% ya 240. Unaweza kupewa sehemu na nzima, utafute asilimia: wanafunzi 18 kati ya 45 ni 18 ÷ 45 × 100, yaani asilimia 40. Au unapewa sehemu na asilimia, utafute nzima: kurasa 51 ni asilimia 30 ya kitabu, kitabu kina kurasa ngapi? Gawanya 51 kwa 0.3, upate 170. Aina hii ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa sababu hapa msingi ndio uliofichwa. Mwanzoni, andika pembeni ya kila swali ni kipi kati ya vitatu kinachotafutwa. Inachelewesha kidogo, ila inakuzuia kukurupuka.

Mabadiliko kwa asilimia yaache mpaka hayo yatulie. Ukifika hapo, kanuni ni fupi: thamani mpya toa ya zamani, gawanya kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Neno la kulikazia macho ni “ya zamani”. Maktaba yenye wasomaji 80 ikifikisha 100, wameongezeka 20, na 20 ÷ 80 ni asilimia 25. Wakirudi 80, wamepungua wale wale 20, lakini sasa tunagawanya kwa 100, tunapata asilimia 20. Watu ni wale wale, asilimia ni mbili tofauti, kwa kuwa pa kuanzia pamebadilika. Kaa na mfano huu mpaka uache kukushangaza. Ndiyo maana pia kitu kikipanda kwa asilimia 50 kisha kikashuka kwa asilimia 50 hakirudi kilipokuwa: 200 inakuwa 300, na nusu ya 300 ni 150.

Kinachorahisisha haya yote ni kuizoea namba moja ya kuzidishia. Kuongeza asilimia 15 ni kuzidisha kwa 1.15, na kupunguza asilimia 15 ni kuzidisha kwa 0.85. Mabadiliko yakifuatana, unazidisha tu, hujumlishi. Ongezeko la asilimia 10 mara mbili ni 1.1 × 1.1 = 1.21, yaani asilimia 21. Punguzo la asilimia 20 likifuatiwa na la asilimia 10 ni 0.8 × 0.9 = 0.72, yaani umepunguza 28, ingawa moyo unataka kusema 30. Namba hiyo hiyo inakurudisha nyuma pia. Ukiambiwa kitu kimeongezeka kwa asilimia 20 kikafika 360, usitoe asilimia 20 ya 360. Utapata 288, na si kweli. Gawanya 360 kwa 1.2, upate 300. Ukitaka uhakika, chukua 300, ongeza asilimia 20 yake, uone kama unafika 360.

Kuna maneno mawili yanayochanganywa hata na watu waliosoma. Kiwango cha kufaulu kikitoka asilimia 40 kwenda asilimia 50, kimepanda kwa pointi 10 za asilimia. Lakini ukikilinganisha na kilipoanzia, kimeongezeka kwa asilimia 25, maana 10 ni robo ya 40. Kauli zote mbili ni sahihi na zinasema mambo tofauti. Anayetaka jambo lionekane kubwa huchagua 25, anayetaka lionekane dogo huchagua 10. Ukiona namba ya namna hii, ulizia kwanza ni ipi kati ya hizo.

Usiogope asilimia iliyozidi 100. Kutoka 50 hadi 150 ni ongezeko la asilimia 200, ingawa 150 ni asilimia 300 ya 50. “Kuongezeka kwa” na “kufikia” si kitu kimoja, na mitihani inapenda kujificha hapo. Kupungua kuna ukomo wake: kitu kama idadi ya watu, kikipungua kwa asilimia 100 kimekwisha. Na kutoka 0 kwenda 5 hakuna asilimia ya ongezeko kabisa, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri. Andika tu kwamba idadi imeongezeka kwa 5.

Jihadhari pia na wastani wa asilimia. Darasa moja limefaulisha 10 kati ya 20, yaani asilimia 50. Jingine limefaulisha 72 kati ya 80, yaani asilimia 90. Ukichukua wastani wa 50 na 90 utasema 70. Lakini waliofaulu ni 82 kati ya 100. Rudi kwenye idadi halisi, jumlisha, ndipo utafute asilimia.

Vifaa si vingi: daftari, kalamu, na kikokotoo utakachokigusa mwisho. Kichunguze kabla hujakiamini. Andika 200 + 10% uone kinajibu nini. Baadhi vitasema 220, baadhi 200.1, kwa sababu vingine vinaisoma 10% kama asilimia kumi ya 200 na vingine kama 0.1 tu. Salama ni kuandika 200 × 1.1. Tena, usikadirie tarakimu katikati ya hesabu. Beba desimali zako mpaka mwisho, ndipo ukadirie. Theluthi tatu zikikadiriwa mapema kuwa 33, 33 na 33 zinaleta 99, na utaanza kuitafuta asilimia moja ambayo haikupotea.

Kabla ya kila hesabu, kisia jibu kwa mdomo. Asilimia 48 ya 610 lazima iwe chini kidogo ya nusu, yaani chini ya 305. Ukipata 2,928 umekosea nukta, na umelijua hilo kabla ya yeyote kukusahihisha.

Ukitaka kujua kama uko tayari, jibu hili bila kuandika: kitu kimepungua kwa asilimia 20, kiongezeke kwa asilimia ngapi ili kirudi kilipokuwa? Kama umesema 20, rudi kwenye ile maktaba ya wasomaji 80.