Mgeni kwenye tangi la maji chumvi

Hapa Kirumba, Mwanza, maji ni ya ziwa, kwa hiyo chumvi ya tangi langu la viumbe wa baharini nachanganya mwenyewe, gramu 35 kwa lita. Jiwe la baharini la kuweka tangini, lililokuja kwa basi kutoka Dar, lilinifichia mnyoo wa rangi ya waridi, ubavuni vinyweleo vyeupe kama chembe za kioo.

Usimguse kwa mkono mtupu! Vinyweleo hukatikia kwenye ngozi. Vikikuingia, bandika selotepu uvute. Akiwa mmoja, mwache, husafisha mabaki ya chakula. Wakizidi, zima taa usiku, weka kipande cha dagaa mlangoni mwa tundu la jiwe, mulika kwa tochi ya mwanga mwekundu, kisha wanase kwa kibanio.

Ukisikia “ta!” kwenye kioo na konokono wanavunjwa, mshuku kamba mwenye mikono ya vunjajungu. Hamishia jiwe zima alimojificha kwenye ndoo ya maji chumvi.