Dawa ya Kila Siku: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Hujaanza Kusahau

Presha haiumi, na hapo ndipo kazi inapoanza kwa mtu wa miaka 45 au 50 anayetoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, anarudi usiku, na katikati ana ofisi, kikoba, ada za watoto na simu za wazazi kijijini. Jino likiuma, dawa hujikumbusha yenyewe. Amlodipine, dawa ya presha, ukiiruka siku mbili, huenda usisikie chochote, ukajiona mzima. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa walivyoandikiwa. Kwa hiyo usijiite mzembe. Jipange.

Anzia dirisha la dawa, kabla hujaondoka. Soma bahasha: "1x2" ni kidonge kimoja kutwa mara mbili, sio viwili kwa mpigo. Muulize mfamasia unameza kabla ya kula au baada, saa ngapi, na ukisahau ufanyeje. Swali la saa lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Metformin, dawa ya kisukari, humezwa na chakula kwa sababu huvuruga tumbo. Hydrochlorothiazide, dawa nyingine ya presha, huongeza mkojo, ndiyo maana kwa kawaida humezwa asubuhi. Ukiimeza usiku utakesha njia ya chooni. Lakini asubuhi hiyo hiyo ndiyo ya foleni ya Mbagala, na wapo wanaoiacha makusudi wasije wakaadhirika kwenye gari, halafu kliniki wanasema "nilisahau". Mwambie daktari ukweli huo. Saa inaweza kubadilishwa, hata dawa yenyewe. Na kama una vidonge vingi vya kutwa mara tatu, uliza kama vipo vya mara moja kwa siku.

Kisha ifunge dawa kwenye jambo usilolikosa: mswaki, chai ya asubuhi, swala ya alfajiri. Kengele ya simu peke yake siiamini sana. Inalia ukiwa umebanwa kwenye mwendokasi, unaizima, na habari imeishia hapo. Ukiitumia, itege wakati ambao dawa na wewe mko mahali pamoja, na uangalie saa vizuri: saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00. Ukiandika 2:00 utaamsha nyumba nzima saa nane za usiku.

Kiboksi cha vyumba saba, kinachojazwa Jumapili jioni, kinajibu swali linalowasumbua wengi: hivi nimemeza au bado? Chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, umemeza. Kama huna, andika siku kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vidonge, juu ya kila kimoja. Uliza kwanza kama dawa yako inaruhusiwa kutolewa kwenye pakiti yake, maana nyingine huharibika kwa unyevu. Kiboksi kikae mbali na watoto, na kisilale ndani ya gari lililoanikwa juani. Dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30.

Siku za kawaida zina nafuu. Zinazoharibu ni za dharura. Simu ya msiba inaingia saa tano, saa nane uko kwenye basi la Singida, dawa zimebaki kabatini Dar. Weka akiba ya siku tatu kwenye mkoba unaotembea nao kila siku, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na dozi zake. Ukisafiri, dawa zikae mkononi, sio kwenye buti.

Ramadhani nayo ipangwe mapema, wiki kadhaa kabla ya mwandamo. Dawa ya kutwa mara mbili mara nyingi huingia kwenye futari na daku, ya mara tatu haiingii. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide asijipangie mwenyewe, kwani sukari inaweza kushuka ghafla mchana.

Ukisahau dozi, kanuni ya dawa nyingi ni kumeza unapokumbuka, isipokuwa kama ya pili imekaribia. Hapo unaiacha iliyopita. Usimeze mbili kufidia. Dawa ya presha kama atenolol usiikatishe ghafla hata ukijisikia vizuri, maana moyo unaweza kuleta shida.

Mwisho, hesabu. Vidonge vya siku 30 havifiki tarehe ya kliniki ikiwa imewekwa siku ya 34, na wengi huvusha siku hizo nne bila dawa, wakisubiri. Vikibaki vya wiki moja, piga simu au pita duka la dawa na cheti chako. Hapo bado una nafasi ya kuzunguka maduka mawili matatu kama wameishiwa, au kusubiri mshahara uingie.