Meno ya kahawia Nakuru: kinga huanzia kwenye mtungi

Mtoto mwenye meno ya kahawia huchekwa shuleni kwamba hapigi mswaki. Wanamwonea. Madini ya floraidi kutoka miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huingia katika maji ya visima vingi vya Nakuru, nayo huharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi.

Peleka maji maabara na utaje floraidi, kwani kipimo cha vijidudu hakiionyeshi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki, kiwango kinapanda.

Maji ya mvua ndiyo dawa rahisi. Watu watano wakitumia lita 4 kila mmoja kwa kunywa na kupika, ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Kiangazi cha siku 90 kinataka lita 1,800, basi nunua tangi la 2,000. Mabati ya mita 30 za mraba hukusanya kama lita 240 mvua ya milimita 10 ikinyesha. Maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwage. Bei ya tangi ikikushinda, chama kinaweza kununuliana kwa zamu. Kwenye ploti ya kupanga, angalau watoto walio chini ya miaka 8 wapewe maji ya mvua kwanza. Ya kisima yafue na kuogesha.

Chujio la mkaa wa mifupa nalo hufanya kazi, mradi mifupa imechomwa sawasawa. Isipoiva, maji yatanuka. Ikipita kiasi hadi kuwa myeupe, nguvu ya kunasa floraidi hushuka. Maji yapite polepole. Mkaa ukichoka, ladha haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo pima tena mara kwa mara.

Jikoni, acha magadi kwenye githeri, kwa kuwa nayo hubeba floraidi. Loweka maharagwe usiku kucha. Mtoto mchanga anyonyeshwe: maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno. Dawa ya meno yenye floraidi usiiache, maana meno kuoza ni balaa jingine: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha cha njegere, na mtoto ateme.

Aliyekwisha kuota meno yenye madoa asiyasugue kwa majivu wala limau, yatalika tu. Daktari wa meno anaweza kuyang'arisha au kuyafunika.