Namna ya Kuandaa Simulizi ya Kampuni ya Filamu ya Kitamil kwa Watazamaji wa Mbeya

Katika mabanda ya video ya Mwanjelwa na Soweto, jijini Mbeya, filamu yoyote itokayo India huitwa "ya Kihindi", ingawa nyingi kati ya zinazojaza mabenchi zilitengenezwa kwa Kitamil au Kitelugu, lugha ambazo mtu wa Mumbai asiyejifunza hazielewi hata kidogo. Anayetaka kuwaeleza watazamaji hao jambo hili kabla ya onyesho, kwa muda usiozidi saa moja, achague kampuni moja tu na kuifuata tangu mwanzo wake. Mimi hupendekeza AVM ya Chennai, jiji ambalo zamani liliitwa Madras, iliyoanzishwa tarehe 14 Oktoba 1945 na A. V. Meiyappan, ambaye herufi za mwanzo za jina lake ndizo jina la kampuni.

Usianze na orodha ya filamu. Mara ya kwanza nilianza hivyo, na kabla sijafika mwaka 1960 nusu ya wasikilizaji walikuwa wameshatoka kuwahi daladala za Uyole. Mzee mmoja aliyebaki, nadhani kwa heshima tu, aliniuliza: "Sasa mwalimu, huyo mwenye kampuni alikuwa anauza nini kabla ya hapo?" Tangu siku hiyo swali lake ndilo ninaloanza nalo.

Jibu ni santuri. Baba yake Meiyappan alikuwa na duka katika mji wa Karaikudi, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwamo santuri. Kijana akaichukua biashara hiyo na kwenda kuipanua Madras. Eleza hapa kwamba mtu huyu aliingia katika filamu akitokea upande wa sauti, kwa maana mengi yaliyofuata yanatokana na hilo. Usiifiche pia filamu yake ya kwanza, Alli Arjuna ya mwaka 1935, iliyopigwa Calcutta na kuanguka vibaya. Ila angalia usiihesabu kuwa ya AVM, kwa kuwa kampuni ilikuja miaka kumi baadaye. Kosa hili la kuchanganya kazi za mwanzilishi na kazi za kampuni ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na dawa yake ni kuchora safu mbili nyuma ya kalenda ya zamani, moja ya mtu na nyingine ya kampuni.

Sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote ni ile ya mwaka 1944. Meiyappan alikuwa na Harishchandra, filamu iliyotengenezwa mwaka uliotangulia kwa Kikannada, lugha nyingine ya kusini mwa India. Badala ya kuipiga upya, aliwatumia watu wengine kuingiza sauti za Kitamil juu ya midomo ya waigizaji walewale, na filamu hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini India kubadilishwa lugha kwa njia hiyo. Usiishie kulisema, lionyeshe. Zima sauti ya filamu kwa dakika mbili, mpe kijana mmoja kipaza sauti, kisha mwambie amsemee mwigizaji kwa Kiswahili. Midomo itafunga huku yeye bado ana nusu ya sentensi, banda zima litacheka, na hapo kila mtu atakuwa ameelewa ugumu wa kazi hiyo bila maelezo marefu. Kisha utofautishe: wasimulizi wetu wanaotafsiri filamu huzungumza juu ya sauti ya asili, ambayo bado inasikika kwa chini, ilhali kazi ya Meiyappan iliiondoa kabisa sauti ya asili ya mazungumzo.

Baada ya hapo nenda Karaikudi. Kwa sababu ya shida ya kupata umeme mjini Madras, kampuni changa ilihamia mji huo wa nyumbani na kujenga studio ya mabanda ya makuti, na humo ndimo ilimotengenezwa filamu yake ya kwanza, Naam Iruvar, iliyotoka mwaka 1947. Nyimbo zake zilitumia mashairi ya mshairi wa Kitamil Subramania Bharati, ambayo Meiyappan alikuwa amenunua haki zake. Baadaye aliikabidhi serikali ya Madras haki hizo bila malipo. Kwa vijana wetu wanaopiga filamu Iringa na Mbeya na kuweka wimbo wowote wanaoupata kwenye simu, kipengele hiki nakiona kina uzito kuliko majina ya nyota wote.

Mwaka 1948 studio ilirudi Madras, katika eneo la Vadapalani. Kutoka hapo chagua filamu chache zinazoonyesha jinsi kampuni ilivyovuka mipaka ya lugha. Vazhkai ya mwaka 1949 inatosha: ilimwanzisha mwigizaji wa kike Vyjayanthimala, kisha ikatengenezwa upya kwa Kitelugu mwaka 1950 na kwa Kihindi mwaka 1951, naye akiwa mhusika mkuu katika zote tatu. Hakikisha wasikilizaji hawachanganyi kutengeneza upya na kuingiza sauti. Parasakthi ya 1952, iliyomtambulisha mwigizaji Sivaji Ganesan kwa maandishi ya M. Karunanidhi, na Kalathur Kannamma ya 1960, iliyomtambulisha mwigizaji Kamal Haasan akiwa mtoto, zitaje kwa ufupi. Andha Naal ya 1954 ipe dakika moja zaidi, kwani haina wimbo hata mmoja, jambo ambalo mtazamaji wa Mwanjelwa hatakubali mpaka aone mwenyewe.

Upande wa televisheni unahitaji maneno machache: kuanzia miaka ya 1980 kampuni ilianza kutengeneza tamthilia, huku filamu zikiendelea chini ya wanawe Meiyappan, aliyefariki mwaka 1979. Filamu iitwayo Sivaji ya mwaka 2007, yenye mwigizaji Rajinikanth, yafaa kuwa filamu ya kuonyesha usiku huo.

Andika "Madras" kwa mambo yote ya kabla ya 1996, mwaka ambao jiji lilipewa jina la Chennai, na useme hivyo mapema ili watu wasidhani ni miji miwili. Mwisho, sehemu ya Karaikudi iandike kwenye karatasi yake peke yake na uiweke mfukoni pamoja na tochi. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, simama uisome hiyo.