Somo: Kutoka deki ya DVD hadi deki ya CD ya daraja la juu

Salaam wapenda muziki wa Moshi na Arusha. Mmekuwa mkiuliza kama deki ya CD ya bei kubwa ina faida yoyote kwa mtu aliyezoea kupigia CD zake kwenye deki ya DVD. Faida ipo, ila mimi ningenunua deki ambayo fundi wa hapa mjini anaweza kuifungua na kuipatia lenzi (jicho linaloisoma CD), hata kama kuna nyingine inayong'aa kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Spika kwanza. Kama unasikilizia sabufa, acha habari ya deki kwa sasa. Tafuta amplifaya ya stereo na spika mbili za maana. Zisogeze mbali na ukuta, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa kutoka kwenye spika hadi kwenye kochi. Kuzipanga hivi ni bure, na kunabadilisha sauti kuliko deki yoyote.

Hatua ya 2: Jaribu kabla ya kulipa. Deki ina kazi mbili: kuisoma CD, na kuzigeuza namba zilizosomwa kuwa sauti. Tangu CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, namba hizo ni zilezile: vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa sauti (kushoto na kulia), kila kipimo biti 16. Kusoma, hata deki ya DVD ya kawaida inajitahidi. Pengo kubwa mara nyingi liko kwenye kugeuza.

Sasa angalia nyuma ya deki yako. Ukiona tundu lililoandikwa COAXIAL au OPTICAL, azima DAC, yaani kifaa cha nje kinachofanya kazi ya kugeuza peke yake, uiweke kati ya deki na amplifaya. Pigia wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Mimi hutumia Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu magitaa yake yakichanganyikana natambua mara moja. Sawazisha volyumu kabla ya kulinganisha! Deki nyingi hutoa kama volti 2, na kifaa kinachotoa zaidi kidogo tu kitaonekana kitamu hata kama si bora. Ukiridhika na DAC, umemaliza. Deki mpya inaweza kusubiri.

Hatua ya 3: Ulizia lenzi. Jina lililoandikwa mbele lisikupumbaze. Deki nyingi za CD, hata za bei nzuri, zilifungwa lenzi za Sony KSS-213 au Philips VAM1202, ambazo zimetengenezwa kwa wingi sana na bado vipuri vyake vinauzwa. Lenzi ya deki ya SACD (aina ya CD yenye tabaka la sauti ya kiwango cha juu zaidi) ni shughuli nyingine. Ikichoka, unaweza kubaki na sanduku zuri la kupamba sebule.

Hatua ya 4: Umeme. Deki ya mtumba kutoka Uingereza huwa haina shida, hata plagi ni kama zetu. Ya kutoka Japani soma kibandiko cha nyuma: ikiandikwa 100V, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 unaiunguza. Inahitaji transfoma ya kushusha. Ya wati 100 inatosha deki nyingi. Stabilaiza haifanyi kazi hiyo.

Hatua ya 5: Kuifunga. Baadhi ya deki za zamani zina skrubu chini ya kushikilia lenzi safarini. Itoe kabla ya kuwasha, uitunze. Usiiweke deki juu ya amplifaya, joto litaimaliza. Na kama imefika asubuhi ya baridi ya Julai, iache ipate joto la chumba kwanza, lenzi isiwe na ukungu.

Maswali ya wanachama

*Wa Sakina, Arusha: Kaka, CD zangu zina mikwaruzo. Deki ya bei itazisoma?*
Inategemea mkwaruzo umeelekea wapi. CD inaweza kurekebisha pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wake wa muziki unaozunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda ukingoni una nafuu kuliko unaozunguka. Ndiyo maana tunafuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Chunga pia upande wa maandishi. Muziki umelala chini yake tu.

*Wa Pasua, Moshi: Si bora flashi tu?*
Ukizihamisha CD zako kwa FLAC (faili linalobana muziki bila kupunguza sauti), hupotezi kitu. MP3 za kudownload mitaani ni hadithi nyingine.

*Dada wa Njiro: Nikipata deki ya SACD, naweza kuiunganisha na DAC yangu?*
Kwa CD, ndiyo. Tabaka la SACD halitoki kwa waya ya COAXIAL wala OPTICAL, kwa kawaida utalisikia kwa waya nyekundu na nyeupe.

*Wa Majengo, Moshi: Mzee wangu ana CD za kuchoma nyumbani, deki ya rafiki yangu inazikataa.*
Tazama kama zimeandikwa CD-RW. Hizo hurudisha mwanga kidogo mno, na deki nyingi za zamani haziwezi kuzisoma. CD-R zina nafuu. Siku ya kununua, nenda nazo mbili tatu za mzee mfukoni, uzipige palepale, hadi wimbo wa mwisho, maana CD huanza kusomwa ndani na matatizo mengi hujitokeza ukingoni.